Kigoma kwa kiti mwendo: kushuka melini, kupanda boti na kuzunguka mjini

Ukipanga safari ya Kigoma na unatumia kiti mwendo, usianze kwa kuhesabu kilomita. Treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam inatembea takribani kilomita 1,250, na sehemu kubwa ya mwendo huo utakuwa umekaa kama abiria wengine. Kazi iko kwenye vipande vidogo: ngazi ya behewa na kokoto za chini yake, sakafu ya meli na gati, ukingo wa boti na maji ya magotini. Kila kipande hakifiki mita mbili, lakini kinataka watu wake, kifaa chake na mpango wake. Kwa hiyo kila anayekuuzia tiketi muulize hivi: "Pale ninaposhuka, mguu unakanyaga nini?" Akijibu "unashuka tu, hakuna shida", bado hajakujibu. Uliza tena mpaka ataje saruji, ubao, mchanga au maji.

Turubai la kubebea

Kabla ya kuondoka nyumbani, peleka kazi kwa fundi wa maturubai, yule anayeshona viti vya magari na vifuniko vya malori. Mwambie akukatie turubai zito la pamba lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 70, akunje kingo zote mara mbili. Halafu apitishe mikanda mitatu ya nailoni, ya aina inayotumika kwa mikanda ya gari, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa upande wa chini: mmoja usawa wa mabega, mmoja chini ya makalio, mmoja chini ya mapaja. Ncha za kila mkanda zitokeze pande zote mbili na kukunjwa kuwa vishikio sita vinavyoingia kiganja kizima.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kuokoa mkanda, wanashona kishikio kifupi ukingoni tu. Uzito ukija, uzi unavutwa nje na turubai linachanika kuanzia kwenye tundu la sindano. Mkanda ukipita chini kwa urefu wote, mwili unalala juu ya mkanda wenyewe na uzi unafanya kazi ya kuuzuia usisogee, basi. Lijaribu kwa mifuko miwili ya saruji, kilo 100, wanaume wanne wakilinyanyua na kulitikisa. Ukiliona limevutika kwenye mshono hata kidogo, rudisha kwa fundi.

Turubai hili likikunjwa linaingia nyuma ya mgongo kwenye kiti. Ndilo litakalokupitisha kwenye mlango wa behewa, kwenye ngazi nyembamba ya meli na kutoka kwenye boti hadi pwani. Liwe lako, usitegemee la kuazima.

Treni

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani, na stesheni iko chini kabisa mjini, jirani na bandari. Hiyo ni heri kubwa: kutoka treni hadi meli hakuna mlima. Shida ni behewa lenyewe. Ngazi zake ni za kusimama na mlango ni mwembamba, na ndani ya mabehewa ya kulala korido hailingani na upana wa kiti cha kawaida, ambacho kwa nje kinafika sentimita 60 hadi 68. Kiti kikunjwe chini, wewe upande kwa turubai, kiti kikufuate. Omba kitanda cha chini, na chumba kilicho karibu na choo kuliko kilicho katikati ya behewa.

Safari ni ya siku moja na nusu au zaidi, na anayeumia si mgongo peke yake. Kama huna hisia makalioni, nyanyua mwili au jilaze ubavu kila nusu saa mchana, na usiku msaidizi akugeuze kila baada ya saa mbili. Tumia mto wako wa kiti mwendo juu ya godoro la behewa unapokaa. Tabora ni mahali pa kupumzika kwa mpango, maana ndipo mabehewa yanapotenganishwa kwenda Mwanza, Mpanda na Kigoma, na treni husimama muda mrefu. Hapo mwaga mfuko wa mkojo, kagua ngozi kwa tochi na kioo, badilisha nguo. Usipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa choo. Mkojo mzito kwa anayetumia katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, ni mwanzo wa homa, na homa katikati ya reli haina wa kuitibu.

Melini

Meli ya Ziwa Tanganyika ambayo watu huijia Kigoma ni Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Historia hiyo ina maana kwako: meli ya umri huo ina ngazi za kusimama wima na vizingiti vya chuma milangoni vya kuzuia maji, wala haikupimwa kwa gurudumu. Pia imekuwa na vipindi virefu vya matengenezo bila safari. Thibitisha ratiba bandarini kabla ya kununua tiketi ya treni, na fanya hivyo kwa meli nyingine yoyote ya ziwa.

Ukishajua meli inasafiri, gawa vituo mafungu mawili. Kigoma, Kasanga na Mpulungu ya Zambia zina gati. Meli inakaa ubavuni na unavuka kwa ngazi. Vijiji vingi vya katikati havina. Meli inasimama mbali na pwani, boti zinakuja kugombania ubavu wake, abiria na mizigo vinateremshwa kwa kurushiana mikono, na mara nyingi ni usiku. Kituo cha Lagosa, kinachotumiwa na wanaokwenda hifadhi ya Mahale, kilikuwa cha namna hii kwa miaka mingi. Tatizo ni lile lile la meli kubwa za utalii baharini zinapotia nanga nje ya bandari: manahodha wengi huko hukataa kabisa kumteremsha mtu wa kiti mwendo kwenye mashua, na wana sababu. Kwa safari ya kwanza, nenda gati hadi gati.

Siku ya kupanda, fika mapema umuone ofisa wa meli kabla foleni haijaanza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya kufikia huduma za umma, na kuitaja kwa upole kunasaidia, lakini kinachofanya kazi zaidi ni kumweleza baharia mahitaji yako kwa idadi: watu wanne, dakika tano, kabla ya magunia. Tazama pia mteremko wa ngazi. Meli tupu inaelea juu na ngazi inasimama; ikishapakia inakaa chini. Kina cha ziwa nacho hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usikubali maelezo ya mtu aliyepita hapo miaka mitatu nyuma.

Ngazi ikiwa na upana wa sentimita 80 na zaidi na mteremko wa wastani, unaweza kubebwa ndani ya kiti, hivi:

1. Ondoa vikanyagio vya miguu na mikono ya kiti kama inachomoka. Mpe msaidizi wako mmoja avishike vyote, kwa sababu ndivyo hupotea.
2. Mwenye nguvu zaidi akae nyuma kwenye vishikio. Akague kwanza kama mipira ya vishikio haizunguki. Mpira uliolegea unachomoka na kubaki mkononi.
3. Wawili mbele washike chuma cha fremu, karibu na magurudumu madogo. Waambie wazi: "Kaka, shika chuma hiki hapa. Mkono wa kiti unang'oka."
4. Kupanda, mgongo utangulie. Kushuka, uso utangulie, kiti kikiwa kimelazwa nyuma juu ya magurudumu makubwa.
5. Anayehesabu ni mmoja tu, na bora awe wewe. Ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine.

Ngazi ikiwa nyembamba au imesimama, rudi kwenye turubai bila kubishana.

Kibirizi na Gombe

Boti za kaskazini zinaondokea Kibirizi, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Hifadhi ya Gombe iko umbali wa kilomita 16 hivi na haina barabara. Ziwa ndiyo njia. Boti za abiria za mbao huchukua saa mbili au zaidi kwa kusimama vijijini. Boti ya kukodi yenye injini kubwa inafika kwa saa moja hivi, na kwa anayetumia kiti mwendo inafaa zaidi, kwa kuwa nahodha wake anakusubiri wewe.

Ondoka alfajiri, ziwa likiwa limetulia. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huamka kadiri jua linavyopanda, na boti inayopanda na kushuka nusu mita gatini haipandiki kwa usalama hata ukiwa na watu sita. Subiri wimbi lipite. Boti ikiwa juu, usawa wa gati, ndipo wanne wasogee.

Ndani ya boti kaa katikati, chini sakafuni juu ya mto wako, mgongo ukiegemea ubao wa kukalia. Vaa jaketi okozi na ulifunge mikanda yote. Usifungwe kwenye kiti mwendo kamwe, hata mtu akikuambia ndiyo usalama. Boti ikipinduka, kiti kitakuvuta chini na jaketi halitashinda uzito wa chuma. Kiti kikunjwe, kifungwe peke yake kwenye mbao za boti kwa kamba, na mto wa akiba utiwe kwenye mfuko wa plastiki. Kama miguu haina hisia, vaa viatu vilivyofunika kidole na uhakikishe hakuna mguu unaogusa injini au dumu la petroli.

Kuhusu Gombe ni vema kusema kweli. Njia za kuwafuata sokwe zinapanda miteremko mikali yenye mizizi, na kiti mwendo hakifiki. Ukiahidiwa vinginevyo, uliza ni nani atakubeba, kwa saa ngapi, na atashuka vipi. Lakini ufukwe wenyewe una mengi. Nyani hushuka mpaka kwenye kokoto za ziwa, na mtu aliyekaa kimya pale asubuhi anaona kuliko anayekimbizana na kundi msituni. Kwa kushuka, boti iingie kwa pua hadi iguse mchanga, kisha turubai. Kubebwa mgongoni na kijana mmoja ndani ya maji ndiyo desturi, nayo haifai kwa mtu asiyeweza kujishikilia: akiteleza yeye, mnaanguka wote, na miguu yako inaburuzwa kwenye mawe bila wewe kujua. Kwenye mchanga, kiti kivutwe kinyumenyume, magurudumu madogo yakiwa hewani, na matairi ya upepo yapunguzwe kidogo.

Mjini

Kutoka stesheni barabara ya Lumumba inapanda kuelekea mtaa wa Mwanga, na huo ni mlima wa kweli. Kuusukuma inawezekana kwa wasaidizi wawili wanaopokezana. Kuushuka peke yako ukitegemea viganja ni kuunguza mikono. Panda bajaji. Kiti cha bajaji kimeinuka kuliko chako, kwa hiyo sogeza kiti mwendo kwa pembe, funga breki zote mbili, vua kikanyagio cha upande ule, na msaidizi akushike kiunoni kwa mkanda, sio kwapani. Bega linateguka kwa kuvutwa kwapa. Kiti kilichokunjwa kinafungwa nyuma kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, ile wanayofungia mizigo ya baiskeli. Patana nauli ya kiti kabla ya kupanda. Bodaboda iache kabisa kama miguu haina hisia. Bomba la moshi linachoma hadi kwenye nyama na utaona kidonda jioni.

Jihadhari na mitaro ya kando ya barabara. Ni ya mawe, ina kina, na mfuniko wa zege unaweza kuwapo mlango huu na kukosekana mlango unaofuata. Masika matope mekundu yanajaza uma wa magurudumu madogo mpaka yanagoma kuzunguka. Beba kijiti cha kuyachokolea.

Ujiji ndiko matembezi mepesi. Gari linakufikisha hadi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, na ardhi ya Ujiji haina mlima kama wa stesheni. Mchanga wa kuelekea ziwani ndio utakaokuzuia, sio mteremko.

Kwa malazi, kata kamba yenye urefu sawa na upana wa kiti chako, ongeza sentimita tano, funga fundo kila ncha, na mtume mtu akapime. Apime mlango wa choo, maana wa chumbani karibu kila mara unapita. Apime pia kizingiti cha bafu. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, kiti cha plastiki chenye mikono kilichotobolewa katikati kinatosha. Kingo za tundu zipigwe msasa na kuzungushiwa kipande cha tyubu.

Kiti chenyewe

Beba tyubu mbili za saizi yako. Maduka ya baiskeli Kigoma yanauza zaidi za baiskeli kubwa, inchi 28 na 26, wakati kiti mwendo kingi kinatumia 24 kwa 1 3/8. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 24 za baiskeli ya mtoto zina rimu tofauti na tairi yake haitakaa. Ongeza viraka, gundi, pampu, spana namba 10 na 13, na beringi mbili za magurudumu ya mbele.

Maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu haiji haraka kama pwani ya bahari. Kinachoua beringi ni mchanga. Ukirudi Kibirizi, suuza magurudumu kwa maji safi, kausha, paka grisi. Mtu atakuletea mawese kwa nia njema, kwa kuwa Kigoma hayakosekani. Yakatae. Mawese yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya siku chache gurudumu linakuwa gumu kuliko lilivyokuwa kavu.