Somo: Kuandikisha Majina ya Kigaeli ya Uskoti kwa Ajili ya Ramani za Kihistoria

Mtu anayejua Kiingereza akikuta jina Kingussie kwenye ramani ya Uskoti, hushawishika kudhani kwamba kuna mfalme (king) aliyewahi kukaa hapo. Jina lenyewe ni la Kigaeli, mojawapo ya lugha za Uskoti: Ceann a' Ghiùthsaich, yaani mwisho wa msitu wa misonobari. Kwa sababu hiyo, katika kazi hii maana huandikwa mwisho, baada ya maumbo yote ya jina kukusanywa.

Hatua ya kwanza ni kunakili jina kama lilivyo katika kila ramani, pamoja na mwaka wake. Anza na ramani za mchora ramani Timothy Pont za mwishoni mwa karne ya 16, uende kwenye atlasi ya mchapishaji wa Kiholanzi Blaeu ya 1654 iliyozitegemea kwa sehemu kubwa, kisha upimaji wa kijeshi wa William Roy wa 1747 hadi 1755, na ramani za Ordnance Survey, shirika la upimaji ramani la Uingereza, za karne ya 19. Usisahihishe herufi hata moja, kwa kuwa kosa la mchoraji asiyejua Kigaeli mara nyingi huhifadhi matamshi aliyoyasikia.

Hatua ya pili ni kusoma madaftari ya majina ya Ordnance Survey, ambayo yana safu za jina, tahajia zake mbalimbali, watu waliozithibitisha, mahali lilipo na maelezo mafupi. Mimi huanza na safu ya mashahidi. Mara nyingi utamkuta mwenye ardhi, msimamizi wake au mchungaji wa kanisa, na mara chache zaidi mkulima mdogo aliyelitamka jina hilo kila alipopeleka ng'ombe malishoni.

Hatua ya tatu ni kulichambua jina. Beinn ni mlima, gleann ni bonde, allt ni kijito, na àirigh ni kibanda cha malisho ya kiangazi. Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafuu, kwa kuwa amezoea upatanisho wa ngeli: kama tusemavyo mlima mkubwa lakini ziwa kubwa, ndivyo Kigaeli kisemavyo Beinn Mhòr lakini Loch Mòr, kwa sababu beinn ni nomino ya kike na loch ni ya kiume. Basi h hiyo ni sarufi, usiifute.

Jihadhari zaidi na Kil- mwanzoni mwa jina. Katika Kilmartin inatokana na cill, kanisa, lakini Killiecrankie inatokana na coille, msitu. Tena si kila jina linalotamkwa Kigaeli lilizaliwa katika Kigaeli: Siabost, katika kisiwa cha Lewis, linaishia na neno la Waviking lenye maana ya shamba.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Ramani za zamani zina alama juu ya irabu, nyingine zinapanda na nyingine zinashuka. Je, nizifanye zote kuwa za aina moja?
Marahaba. Tahajia ya leo hutumia ile inayoshuka kutoka kushoto kwenda kulia peke yake, lakini katika safu ya maumbo ya kale nakili alama uliyoiona. Umbo la kisasa lipewe safu yake.

Wataalamu wawili wakitofautiana kuhusu maana, nifuate yupi?
Andika maana zote mbili na hoja ya kila mmoja, kisha uitazame ardhi yenyewe. Anayedai kwamba jina lina maana ya kijito ilhali hapo hapana maji wala dalili ya mkondo, ana kazi ya kutushawishi.

Mahali pakiwa na majina mawili yasiyofanana, nichague lipi?
Usichague. Fort William kwa Kigaeli ni An Gearasdan, neno la kukopa lenye maana ya kambi ya askari, wala si tafsiri ya jina la Kiingereza. Yape mistari miwili na uyaunganishe kwa namba moja ya mahali.