Jinsi ya kupima hewa ukaa inayopotea msitu wa kijiji unapogeuka shamba la ufuta

Misitu ya miombo (misitu ya nchi kavu inayopukutisha majani) ya Kilwa, Liwale na Nachingwea mkoani Lindi hupungua zaidi kwa shoka na kiberiti: mtu anafyeka, anachoma, analima ufuta misimu kadhaa, ardhi ikichoka anasogea mbele. Kamati ya maliasili ikitaka kujua ni tani ngapi za hewa ukaa zimekwenda angani, hesabu yenyewe ni fupi. Chukua hekta zilizofyekwa, zidisha kwa tofauti ya kaboni kati ya hekta ya msitu na hekta ya shamba, kisha zidisha kwa 44 na ugawe kwa 12 ili kaboni igeuke hewa ukaa. Jasho liko kwenye namba mbili za mwanzo.

Mti mmoja

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fito ya urefu huo na uisimamishe kwenye kila shina. Ukikadiria kwa kifua, mpimaji mrefu na mfupi watakuletea majibu mawili ya mti uleule. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti ulioinama, fuata shina lake. Ulioachana panda chini ya mita 1.3 ni mashina mawili, na kila shina liwe na mstari wake kwenye fomu. Kamba za porini zilizojiviringisha ziondoe kwanza, au pitisha utepe chini yake.

Kwa miombo ya Tanzania zipo kanuni zilizopatikana kwa kukata miti na kuipima uzito. Uzito mkavu wa juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.1027 × D^2.4798, wa mizizi ni 0.2113 × D^1.9838. D ni kipenyo kwa sentimita. Mtondoro, mmoja wa miti ya miombo, wa sm 30 unatoa kilo 473 juu na kilo 180 chini, jumla 653. Zidisha kwa 0.47, sehemu ya uzito mkavu iliyo kaboni, unapata kilo 307 za kaboni. Kwa 44/12, kilo 1,125 za hewa ukaa. Ni zaidi ya tani moja katika mti ambao mtu mzima anaukumbatia na mikono ikakutana.

Sasa tazama kosa dogo linavyokua. Ukiandika sm 31 badala ya 30, uzito wa juu unapanda kwa asilimia 8.5. Na aliyetumia futikamba ya fundi cherehani akaandika mzingo, 94, kwenye safu ya kipenyo, mti wake umezidishwa mara 17. Mti mmoja wa namna hiyo unaweza kuinua wastani wa ploti nzima (kipande cha msitu kinachopimwa) bila mtu kushtuka. Kabla ya kukokotoa chochote, panga safu ya kipenyo kuanzia kubwa na uikague mistari ya juu mmoja mmoja. Mibuyu iweke kando: mti wake ni sponji iliyojaa maji, na kanuni hizi zitauzidishia uzito kupita kiasi.

Ploti

Tumia duara ndani ya duara, kama ilivyofanywa katika NAFORMA, tathmini ya rasilimali za misitu ya taifa. Ndani ya mita 15 pima miti ya sm 20 na zaidi. Ndani ya mita 10, ya sm 10 na zaidi. Ndani ya mita 5, ya sm 5 na zaidi. Kila mti una kizidisho chake cha kuufikisha kwenye hekta: 14.15 ukiwa wa sm 20 kwenda juu, 31.83 ukiwa wa sm 10 hadi 20, na 127.3 ukiwa mdogo zaidi. Kuchanganya vizidisho hivi ndilo kosa linalorudi kila mara ofisini.

Mita 15 ni za mlalo. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 kamba lazima ifike mita 15.96, la sivyo duara linakuwa dogo na msitu unaonekana mwepesi.

Vituo vya ploti vichaguliwe kwenye ramani kabla ya kutoka, na GPS ikikupeleka kwenye kichaka cha miiba, ni hapohapo. Hakikisha GPS na ramani zinatumia mfumo mmoja wa kuonyesha mahali. Ramani za zamani za karatasi zimechorwa kwa Arc 1960, simu hutumia WGS84, na tofauti ni takriban mita 300. Inatosha kukutoa msituni na kukuweka katikati ya ufuta.

Mashambani nako weka ploti. Wengi huandika sifuri, lakini wakulima huacha miti mikubwa imesimama, na visiki vya miombo huchipua. Kwa shamba jipya lenye visiki hai, mimi nisingeihesabu mizizi kuwa imepotea. Visiki vikishang'olewa, ihesabu. Lolote utakaloamua, liandike kwenye ripoti.

Hekta

Usihesabu vipikseli vya ramani ukaishia hapo. Miombo hupukutisha majani kiangazi, na picha ya setilaiti ya Septemba ikilinganishwa na ya Mei itakuonyesha ufyekaji ambao haukutokea. Chagua picha za Mei hadi Julai kwa miaka yote miwili: mawingu yamepungua na moto mwingi bado haujawashwa. Setilaiti za Sentinel-2 zina kipikseli cha mita 10, Landsat mita 30, na picha za zote ni za bure.

Kisha tawanya nukta juu ya picha hizo bila upendeleo na uzikague kwa macho. Kumbuka kwamba kwa Tanzania msitu ni angalau hekta 0.5, miti ifikie mita 3 na kivuli cha matawi kifunike asilimia 10 ya ardhi. Shamba lililopumzishwa likafikia hapo limerudi kuwa msitu.

Tuseme msitu una hekta 4,000, umekagua nukta 300, na 24 zimefyekwa ndani ya miaka 5. Hiyo ni asilimia 8, yaani hekta 320, ila ni 320 kwa kuongeza au kupunguza 123. Tuseme pia ploti zimekupa tani 60 za uzito mkavu kwa hekta ya msitu na 9 kwa shamba. Tofauti ya 51, ukiizidisha kwa 0.47 na 44/12, ni tani 88 za hewa ukaa kwa hekta, na jumla ni kama tani 28,100, au 5,600 kwa mwaka.

Ikiwa shaka ya ploti ni asilimia 20 na ya eneo ni 38, zipigie kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 43. Nukta zikifika 1,200 inashuka hadi 28 hivi. Kukagua nukta 900 zaidi ni kazi ya siku chache mezani. Kwenda kuongeza ploti kunataka gari, mafuta na posho.

Mkaa

Ukataji wa mti hapa na pale kwa ajili ya mkaa hauonekani vizuri kwenye picha za setilaiti. Pima visiki kwa urefu wa sm 30, na ili kujua kipenyo cha mita 1.3 kilikuwa ngapi, pima miti 30 iliyosimama sehemu zote mbili upate uwiano. Visiki vilivyo ndani ya eneo ulilokwisha kulihesabu kuwa limefyekwa viache. Magunia ya mkaa yaliyotoka shambani humo nayo usiyaongeze: kaboni yake imeshahesabiwa kwenye hekta, na kwenye hesabu ya nishati ya jikoni huandikwa methani na oksidi ya nitrasi tu.