Msuli unavuta tu, hausukumi

Ukikunja mkono, msuli wa mbele unajikaza na wa nyuma unalegea. Ukiunyoosha, wanabadilishana zamu. Ndiyo maana ukikaa saa nyingi umeinama kwenye simu, misuli ya nyuma ya shingo inashika zamu peke yake kuzuia kichwa kisianguke, na jioni unaikuta migumu kama kamba.

Hapo kuchua kunasaidia: joto na mgandamizo wa mikono hutuliza neva na msuli unaachia. Anza taratibu kwa kiganja chenye mafuta, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo. Ukijikuta unabana pumzi kwa maumivu, umezidisha. (Wale wanaosema bila kulia hujachuliwa, waache na yao.)

Na ile habari ya kuchua ili kutoa "asidi ya mazoezi", yaani asidi ya laktiki ambayo misuli huitengeneza ukifanya mazoezi makali? Asidi hiyo mwili huiondoa wenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya siku ya pili au ya tatu hutokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli. Kuchua huyapunguza kiasi, ila nyuzi zinahitaji siku zake kupona.

Kuna mahali pa kutogusa kabisa: kigimbi cha mguu mmoja kilichovimba, chenye joto na kuuma bila sababu. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kukichua kunaweza kulisukuma bonge hadi mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo.