Mboga za kaskazi: ninavyolima uani Malindi kuanzia Desemba hadi masika

Mvua ya vuli ikikatika na kaskazi kuanza kuvuma, watu wengi hapa Malindi huacha vitanda vyao vikauke wakisubiri masika ya Aprili. Mimi uani kwangu Muyeye, kipande cha mita nne kwa sita, huvuna mboga miezi yote hiyo. Jua nimelizoea na mimea imelizoea. Kinachoua mboga zetu wakati wa kaskazi ni chumvi, pamoja na mchanga usioshika maji. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye maji.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako kabla ya kununua mbegu

Chukua nusu lita ya maji ya kisima, uyachemshe kwenye sufuria safi mpaka yakauke kabisa. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua uliyokinga, kisha linganisha. Ukiona ukoko mweupe umeganda chini, hayo huenda ni ya chumvi hata kama ulimi haukukuambia. Kisima changu huwa na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwezi wa Novemba, lakini ikifika Februari yamebadilika. Huku pwani maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi ardhini, na ukiyavuta kwa pampu kwa mkupuo mmoja, ya chini hupanda. Teka kidogo asubuhi na kidogo jioni.

Matokeo ya sufuria ndiyo yatakayokuchagulia mboga. Maharagwe, karoti na vitunguu havivumilii chumvi, viache. Spinachi huvumilia vizuri, maana mimea ya asili yake huota kando ya bahari. Kunde nazo hustahimili kiasi. Maji yakiwa si makali sana, ongeza mchicha, matembele, biringani na mabenda, au bamia kama wengine wasemavyo.

Nyanya sipandi wakati huu. Usiku wa Februari na Machi huwa na joto mno, chavua haifanyi kazi, na maua hupukutika bila kushika tunda. Mbegu zake nazisia Mei, upepo wa kusi ukishaleta ubaridi. Sukuma wiki nayo huwa ngumu na kujaa vidukari. Nakusihi usijilazimishe nayo.

Hatua ya pili: zamisha kitanda

Bara hupandisha matuta. Sisi wa mchangani tunachimba kwenda chini. Chimba kina cha sentimita 40, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Tandika makumbi ya nazi chini, upande wa nyuzi ukitazama juu, nayo yatashika maji kama sifongo. Usichukue yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, maana yamekunywa bahari.

Juu yake rudisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Samadi iwe imekaa miezi mitatu. Mwaka wangu wa kwanza niliitia mbichi kwa haraka, na miche yote ya biringani ikaungua mizizi ndani ya wiki moja. Iliniuma sana. Ukimaliza, uso wa kitanda ubaki sentimita kumi chini ya ardhi, upepo upite juu kwa juu.

Hatua ya tatu: fukia mtungi

Hapa usipapite haraka. Nunua mtungi wa udongo wa lita tano hivi, usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Ujaze maji na uuache kivulini usiku kucha. Asubuhi pitisha kiganja ubavuni: ukiwa na ubaridi na unyevu, unafaa. Ukiwa mkavu, haupumui, mrudishie muuzaji.

Ufukie katikati ya kitanda mpaka shingoni, mdomo ubaki nje vidole viwili. Shindilia udongo ubavuni kwa mikono, pasiwe na uwazi, maana maji hayavuki hewa kufuata mzizi. Funika kwa kifuu cha nazi, mbu wasizalie humo. Mimi huongeza maji kila baada ya siku mbili. Panda mimea kuuzunguka, isizidi umbali wa shubiri mbili.

Kwa vitanda visivyo na mtungi, mwagilia kwa wingi mara moja kuliko kunyunyiza kila siku. Maji mengi husukuma chumvi chini ya mizizi, machache huiacha juu. Na usimwagie majani: maji ya chumvi yakikaukia pale huchoma kingo zake.

Hatua ya nne: panda na utie kivuli

Mbegu za mabenda loweka usiku mmoja, kisha mbili kwa shimo, nusu mita kati ya shimo na shimo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu ndipo unyunyize kwenye mstari. Matembele kata marando ya urefu wa dhiraa, ulaze nusu yake udongoni.

Upande wa kaskazini-mashariki, unakotoka upepo, simamisha ukuta wa makuti. Upande wa magharibi weka makuti machache ya kuzuia jua la alasiri; la asubuhi liache liingie. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo.

Hatua ya tano: geuza majani

Kila siku ya tatu geuza jani la biringani. Vidoa vya manjano na utando mwembamba kama wa buibui ni dalili ya utitiri, unaopenda vumbi na ukavu. Osha chini ya jani kwa maji baridi. Usipoisha, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku, chuja, tia sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni.

Hatua ya sita: vuna mapema

Mchicha huwa tayari kwa wiki nne. Kata juu ya vifundo, utachipua tena. Mabenda chuma kila baada ya siku mbili yakiwa na urefu wa kidole, la sivyo yanakuwa nyuzi.

Mwisho wa Machi acha mabenda mawili matatu yakaukie mtini kwa ajili ya mbegu. Mvua za kwanza za Aprili zikianguka, ng'oa mitungi, isugue kwa brashi, chumvi itoke kwenye vinyweleo, kisha acha masika yapite kitandani wiki mbili kabla hujapanda tena.