Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mchezaji wa Raga ya Ligi wa Uingereza

Hapa Lamu kila kijana anaijua soka ya Uingereza hadi majina ya wachezaji wa akiba, lakini ukilitaja jina la Kevin Sinfield, aliyekuwa nahodha wa timu ya raga ya ligi ya Leeds, barazani Mkunguni baada ya sala ya isha, utaulizwa kwanza aliichezea Arsenal mwaka gani. Kwa hiyo anayetaka kuandika wasifu wa mchezaji wa namna hiyo kwa Kiswahili, iwe kwa jarida la shule au kwa kipindi cha redio, asianze na tarehe ya kuzaliwa, bali aanze kwa kueleza ni raga ipi inayozungumzwa. Raga tunayoiona Kenya, ya wachezaji 15 au 7 kila upande, ni tawi moja; raga ya ligi ni tawi jingine, lenye wachezaji 13.

Eleza chanzo cha mgawanyiko huo kwa sentensi chache. Mwaka 1895, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield na kujitenga, kwa sababu wachezaji wao wengi walikuwa wafanyakazi wa migodini na viwandani, na wakubwa wa mchezo walikataa wafidiwe ujira walioukosa siku za mechi. Msomaji wa Lamu hahitaji maelezo marefu hapo: mvuvi anayeacha nyavu zake siku nzima anajua siku hiyo inamgharimu nini. Kisha ongeza kanuni moja inayoutofautisha mchezo wenyewe, kwamba timu yenye mpira ikiangushwa mara sita bila kufunga, mpira huenda kwa wapinzani.

Mtaje mchezaji pamoja na mji wake, kwa kuwa mchezo huu umeota mizizi katika miji michache kama Wigan, St Helens, Leeds na Hull. Hull ina vilabu viwili vikubwa, kimoja cha magharibi ya mto na kingine cha mashariki yake, na mtu huulizwa ni wa upande gani kama sisi tunavyoulizana nani wa Mkomani na nani wa Langoni. Wasifu usiotaja upande huo utamwacha mwenyeji wa Hull akishangaa.

Sehemu inayowashinda wengi ni hesabu, na hapo ndipo ninapokushauri ukae muda mrefu. Katika wasifu wangu wa kwanza nilihesabu kila penalti kwa alama 3, kama ilivyo katika raga ya wachezaji 15, na jumla yangu ikapanda kama maji ya bamvua. Katika raga ya ligi trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa golini wa wapinzani, ni alama 4, mkwaju wa kuongeza baada ya trai ni alama 2, penalti inayopigwa golini pia ni 2, na mpira ulioachwa udunde kisha ukapigwa teke kupita kati ya milingoti ni alama 1. Chukua rekodi ya Sinfield akiwa Leeds: mechi 521, trai 86, mikwaju 1,792 ya alama mbili mbili na mateke 39 ya alama moja moja. Zidisha 86 kwa 4, upate 344. Zidisha 1,792 kwa 2, upate 3,584. Jumlisha na 39, nawe utafika 3,967, ambayo ndiyo jumla inayojulikana. Ukihesabu trai kwa alama 5 utapata 4,053, na hapo utajua umeingia mchezo usio wako. Tahadhari nyingine ni kwamba trai ilikuwa alama 3 hadi mwaka 1983, hivyo mchezaji wa zamani asipimwe kwa mizani ya leo.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kabla ya mwaka 1996 ligi ilichezwa majira ya baridi, na msimu mmoja ulibeba miaka miwili. Tangu Super League, ligi kuu ya mchezo huu, ianze mwaka huo, msimu huandikwa kwa mwaka mmoja tu.

Usiorodheshe vikombe peke yake. Sinfield, aliyeanza kuichezea Leeds mwaka 1997 akiwa na miaka 16, alishinda Fainali Kuu, mechi inayoamua bingwa wa ligi, mara saba akiwa nahodha, lakini timu yake ilishindwa fainali ya Kombe la Challenge mwaka 2010, 2011 na 2012 kabla ya kulitwaa mwaka 2014, na kwa maoni yangu miaka hiyo mitatu inamweleza vizuri kuliko medali zake. Mchezaji unayemwandika akihamia raga ya wachezaji 15, kama alivyofanya Sinfield mwishoni, au Jason Robinson aliyetoka Wigan na kufunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, tenganisha takwimu za michezo hiyo miwili.

Kuhusu maisha ya mchezaji baada ya kustaafu, andika yale tu yaliyo wazi kwa umma. Rob Burrow, mchezaji mwenzake Sinfield mwenye kimo cha kama mita 1.65, aligunduliwa mwaka 2019 kuwa na maradhi ya mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na alifariki Juni 2024. Mwezi Desemba 2020 Sinfield alikimbia marathoni saba kwa siku saba kuchangisha fedha, na mwaka 2023 alimbeba rafiki yake mikononi kuvuka mstari wa mwisho wa marathoni ya Leeds. Usiyapambe hayo, yaandike jinsi yalivyo.

Ukimaliza, msomee mtu asiyeujua mchezo, kahawa ikiwa bado moto, kisha muulize penalti ni alama ngapi. Akijibu tatu, rudi kwenye aya ya hesabu.