Memori ya Kamera: Ninavyozichagua na Kuzipima Hapa Moshi

Harusi ilikuwa Kibosho, Jumamosi ya Desemba, msimu ambao Wachaga wamerudi nyumbani na mpiga picha wa Moshi hana siku ya kupumzika. Nilianza saa moja asubuhi bibi harusi akivishwa, tukaenda kanisani, tukahamia ukumbini, usiku ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikakatwa. Kamera yangu wakati huo ilikuwa Canon 600D yenye tundu moja la memori. Ndani yake nilikuwa nimeweka memori mpya iliyoandikwa GB 128, niliyoinunua siku mbili kabla kwenye fremu moja ya stendi kwa shilingi 25,000. Kila nilipobonyeza, picha ilitokea kwenye kioo, safi na rangi zake zote. Sikuona cha kunishtua.

Nilifika nyumbani Pasua saa nane usiku, nikaichomeka kwenye laptopu. Picha 597 za kwanza zilifunguka. Ya 598 ilikuwa ya bibi harusi akitoka mlangoni mwa kanisa: taji linaonekana, shela inaonekana, kuanzia paji la uso kushuka chini ni kijivu kitupu kama ukuta wa saruji usiopakwa rangi. Baada ya hiyo haikufunguka hata moja. Majina ya mafaili yapo, ukubwa umeandikwa, saa imeandikwa, picha hakuna. Nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha picha zilizopotea, hadi kunapambazuka. Haikuleta kitu, maana programu ya namna hiyo hurudisha kilichofutwa. Kisichowahi kuandikwa haikijui.

Jumatatu nilipanda Kibosho. Nikamwamkia mama mzazi wa bibi harusi, nikamweleza bila kuzunguka, nikamrudishia hela yote. Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza, "Hata ndafu, mwanangu?" Nikamjibu, "Hata ndafu, mama."

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, ninachoandika hapa ndicho nilichojifunza tangu siku hiyo. Uimara wa memori haumo kwenye jina lililochapwa juu yake. Unauona ukiipima mwenyewe kabla ya kazi, na hata ikifaulu, usiipe siku nzima ya mtu ibebe peke yake.

Kwanza muelewe feki inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadhani feki ni memori inayokataa kuwaka. Inawaka vizuri sana. Ndani ya kila memori kuna chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo ya kuiongoza, na hiyo ya kuongoza ndiyo inayoiambia kamera nafasi ni kiasi gani. Mdanganyifu anachukua chipu ndogo, kwa mfano ya GB 4, anaifundisha kiongozi wake kusema GB 128, anabandika lebo nzuri. Kamera inaamini. GB 4 za kwanza zinaandikwa sawasawa. Zikijaa, kinachofuata kinapotea au kinaandikwa juu ya cha mwanzo, na kamera haipati taarifa yoyote. Ile picha unayoiona kwenye kioo mara tu baada ya kubonyeza inatoka kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, haijatoka kwenye kadi. Ndiyo maana siku ile nilikuwa natabasamu huku picha zinamwagika. Ningerudi nyuma kwenye picha za nusu saa iliyopita na kuzikuza, ningejua kabla keki haijakatwa. Siku hizi nafanya hivyo kila tukihama sehemu: narudi nyuma picha ishirini hivi, nazikuza mbili tatu, halafu ndipo naendelea.

Dukani, usiitegemee pakiti kama ushahidi. Nimeshika feki ambayo maandishi yake yalikuwa makali kuliko ya orijino. Ninachotazama mimi ni bei, risiti na muuzaji. Memori ya GB 128 inayouzwa nusu ya bei ya maduka mengine usiiguse, hata kama ina jina la kampuni kubwa. Tena hayo majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa kuwa ndiyo watu wanayoyaulizia. Muuzaji asiyetaka kutoa risiti ya EFD hatakukumbuka wiki ijayo. Kwa memori za kazi mimi hupanda Kosta kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, kwenye duka linalouza kamera na lenzi, na kabla sijatoa hela namuuliza mwenye duka: "Kaka, naenda kuipima nyumbani. Ikigoma ndani ya siku tatu unanibadilishia?" Akikubali, namwomba aandike maneno hayo nyuma ya risiti na kutia sahihi. Aliyekuwa akiniuzia zamani, Mangi mmoja wa hapa mjini, aliniambia hana muda wa hayo. Nilimshukuru nikaondoka.

Sasa kupima. Sehemu hii naomba msiiruke, hata mkiwa na haraka.

Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw. Kwenye Mac na Linux kuna inayoitwa F3. Zote zinafanya jambo moja: zinaijaza memori data mpaka pomoni, kisha zinaisoma yote na kulinganisha kilichoandikwa na kinachosomeka. Chukua memori ikiwa tupu, ichomeke kwenye kadi rida nzuri (kifaa cha kusomea memori kwenye kompyuta), endesha programu, chagua ijaze nafasi yote, halafu iache. Kama inaandika megabaiti 20 kwa sekunde, GB 64 zitachukua karibu saa nzima kuandikwa, na bado kusomwa. Usijaribu kupima GB 2 tu ili umalize mapema, kwa sababu feki hufaulu mwanzoni. Fanya kazi hiyo usiku, na kwa laptopu yenye betri inayokaa, umeme ukikatika isizimike katikati. Mwishoni itakuambia kama kila kitu kimerudi kilivyoandikwa, na itakuonyesha kasi. Memori iliyoandikwa V30, yaani kuandika kusikoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, ikionyesha megabaiti 8, jaribu kwanza kwa kadi rida nyingine na tundu jingine la USB. Ikirudia namba ileile, irudishe dukani.

Jambo moja linalowatisha watu bure: memori ya GB 64 ukiichomeka kwenye Windows itaonyesha 59 na pointi, ya 32 itaonyesha 29 na pointi, ya 128 itaonyesha 119 na pointi. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa bilioni kamili, Windows inahesabu kwa vipimo vya 1,024.

Kuhusu maandishi ya usoni, namba kubwa kuliko zote, ile 170 au 200, ni kasi ya kusoma, na huipati mpaka uwe na kadi rida inayoiweza. Kinachokuhusu wewe unayepiga picha ni kasi ya kuandika isiyoshuka chini ya kiwango fulani, na hiyo imeandikwa kwa alama ndogo. C10, U1 na V10 ni megabaiti 10 kwa sekunde. U3 na V30 ni 30. V60 ni 60, V90 ni 90. Wanaopiga video huchanganyikiwa hapa kwa sababu kamera inahesabu kwa megabiti, na megabiti nane ndizo zinazofanya megabaiti moja. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, kwa hiyo V30 inatosha na kubaki. Ila kwa saa moja itakula GB 45, hilo ndilo la kulipangia.

Usilipie kasi ambayo kamera yako haiwezi kuitumia. Sasa natumia Nikon D750, ambayo inaishia kiwango cha mwendo kinachoitwa UHS-I, namba moja ya Kirumi. Memori ya UHS-II, yenye mistari miwili ya vipande vya dhahabu mgongoni, itaingia na kufanya kazi, lakini kwa mwendo wa UHS-I. Hela hiyo ya ziada nunulia memori ya pili. Na kama umenunua kamera ya mtumba, uliza umri wake. Kadi za SDXC, yaani za zaidi ya GB 32, zilitangazwa mwaka 2009, na kamera nyingi zilizotoka kabla ya hapo zinaishia GB 32 au hata GB 2. Nyingine, kama Canon 350D, hazitumii SD kabisa, zinatumia CompactFlash, kadi pana yenye safu za matundu madogo ukingoni. Angalia mdomo wa kamera kabla hujaenda dukani.

Ukubwa. Hapa nitasema ninavyoamini, na wenzangu wengine wananibishia. Kwa harusi sinunui GB 128, nanunua za 64 na 32, nyingi. Picha za RAW za D750, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, zina megabaiti 28 hivi kila moja, kwa hiyo GB 64 zinanipa picha zaidi ya 2,000. Asubuhi ya kuvishwa na kanisa zinakwenda kwenye kadi moja, ukumbi kadi nyingine, ndafu na kucheza ya tatu. Wenzangu wanasema kubadilisha kadi ndiko kunakoipoteza, na ni kweli kadi ndogo inaweza kudondoka kwenye nyasi. Lakini kadi iliyodondoka inabeba saa tatu, haibebi siku nzima. Na D750 ina matundu mawili: la pili nimeliweka liandike nakala ya kila picha. Ukiweza kununua kamera ya matundu mawili kwa ajili ya harusi, ngoja uzikusanye hela, usikimbilie ya tundu moja.

Mwili wa kadi nao una mambo yake. Kati ya vile vipande vya dhahabu kuna vibanzi vyembamba vya plastiki. Vikivunjika, kipande kinaweza kubaki ndani ya kamera, na vidole vya kutoa kadi mara mia vinavichosha. Kile kitufe cha pembeni cha kufunga kikichomoka, kamera itasema kadi imefungwa. Ukiziba pengo lake kwa kipande chembamba cha selotepu inafunguka, nimefanya hivyo mara moja ili nitoe picha, kisha nikaitupa, maana gundi ikibaki ndani ya kamera ni ugonjwa mwingine. Sony wana kadi wanazoziita Tough ambazo hazina vibanzi wala kitufe, ni umbo moja zima. Ni ghali. Anayepiga picha kwenye vumbi la minadani au anayepanda mlima kila wiki nadhani zinamfaa. Memori ndogo ya simu ndani ya adapta siiweki kwenye kamera ya kazi, kwa sababu unakuwa na viunganishi viwili badala ya kimoja, na cha adapta hulegea.

Baridi ya mlima si ya kuogopa sana kwa upande wa memori. Nimefika Horombo, mita 3,720, kadi hazikusumbua, betri ndizo zilizosumbua na nikawa nalala nazo kwenye mfuko wa jaketi. Cha kuangalia ni unyevu: ukitoka kwenye baridi, funga kamera ndani ya begi kabla hujaingia penye joto, na usifungue mlango wa kadi mpaka ipate joto taratibu.

Matumizi ya kila siku nayasema haraka. Taa ya kamera inayoonyesha kadi inatumika ikiwaka, usifungue mlango wa kadi. Fomati kwenye kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta. Ukihamisha picha, nakili, usikate na kubandika, maana umeme ukikatika katikati utabaki na nusu huku na nusu kule. Mimi nanakili kwenye laptopu na kwenye hadi diski, nafungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho pande zote mbili, halafu ndipo kadi inafomatiwa. Ikitokea umefuta kwa bahati mbaya, itoe kadi papo hapo, usipige hata picha moja zaidi, kisha endesha PhotoRec.

Usiifanye memori kabati la picha. Ndani yake picha ni chaji ndogo za umeme zilizofungiwa, na kadi ikikaa miaka bila kuguswa, chaji huvuja kidogo kidogo. Kila kuandika na kufuta nako kunaichosha. Kwa hiyo kadi zangu nimezipa namba kwa kalamu ya wino usiofutika na tarehe ya kununua. Kadi iliyojaa inaingia kwenye kipochi uso ukiangalia chini, tupu inaangalia juu, na kipochi kinakaa shingoni mwangu hata nikila. Kadi ikitoa kosa moja lisiloeleweka, haipigi tena kazi ya mtu.

Namba 3 inatimiza mwaka wa nne Januari hii. Haijawahi kunisumbua. Baada ya kipaimara cha mwisho cha msimu nitaijaza nyimbo za kwaya nimpe kaka yangu, redio ya gari lake ina tundu la SD.