Kupima mkazo uliobaki kwenye bamba lililochomelewa kwa kutoboa tundu

Mshono ukipoa unataka kusinyaa, chuma baridi cha pembeni kinauzuia, na mvutano huo unabaki ndani hata bamba likiwa halina mzigo. Ukitoboa tundu dogo, chuma kinajiachia kidogo, na streini geji tatu (vipimo vidogo vinavyobandikwa kusoma chuma kinavyonyooka au kusinyaa) zilizopangwa kulizunguka (roseti) zinasoma kiasi kilichosogea. Mfano wetu ni bamba la S275 (chuma kinachoanza kubadilika umbo bila kurudi mkazo ukifika megapaskali, MPa, 275) lenye unene wa mm 12. Utaratibu ni wa kiwango cha ASTM E837.

1. Safisha bila grenda. Grenda inaweka mkazo wake juu ya chuma, na utapima kazi ya grenda badala ya ya mshono. Futa mafuta kwa asetoni, kisha pitisha msasa namba 400 kwa mkono, taratibu.

2. Bandika roseti kwa gundi ya sianoakrileti. Kitovu chake kiwe angalau mm 8 kutoka ukingoni.

3. Solda waya tatu kwa kila geji, ili joto la waya lisiingie kwenye kipimo. Weka sifuri, kisha subiri dakika kumi. Namba zikitembea zenyewe, gundi haijashika au kuna mabaki ya flaksi (dawa ya kusoldea). Bandua, anza upya. Usitoboe ukitumaini zitatulia.

4. Lenga kwa hadubini. Kwa roseti yenye kipenyo cha mm 5.13, tundu lisipotoke kitovuni zaidi ya mm 0.02.

5. Toboa kwa turbini ya hewa yenye kasi kubwa na biti ya kabaidi; drili ya kawaida inasukuma chuma na kukitia mkazo mpya. Kwanza kata plastiki ya geji mpaka biti iguse chuma, hapo ndipo sifuri ya kina. Shuka mm 0.1 kila mara hadi mm 1, na kila hatua simamisha, acha joto lipoe, ndipo uandike geji zote tatu. Tundu liishie karibu mm 2 kwa upana, lipime, usikisie.

6. Kokotoa kwa majedwali ya E837. Geji zikisoma namba hasi, maana yake chuma kilikuwa kimevutwa.

Jibu likizidi MPa 220, yaani asilimia 80 ya 275, usiliamini: chuma kwenye ukingo wa tundu kimeshabadilika umbo bila kurudi na hesabu inatia chumvi. Karibu na mshono hili ni la kawaida. Kwenye ripoti andika "zaidi ya MPa 220", bila namba kamili.